Maneno ya Mawimbini na Ustadi Wake: Mwongozo kwa Mtelezaji Anayeanza

Wenyeji wa Hawaii, ambao ndio walioukuza mchezo huu wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao hadi ukafikia kiwango cha juu, huuita he'e nalu, yaani kuteleza wimbi, na jina hilo linaieleza kazi yenyewe kwa usahihi, kwa kuwa mtelezaji hushuka mteremko wa maji ambao nao unasafiri chini ya miguu yake. Wengi wanaoanza hudhani kwamba maneno ya watelezaji ni mapambo ya vijana wa ufukweni, ya kujifunza baadaye mtu akishaweza kusimama. Mimi naamini kwamba karibu kila neno limebeba ndani yake ustadi fulani au onyo fulani, na kwamba anayelielewa neno sawasawa amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya jambo linalotajwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unayafundisha maneno na ustadi kwa pamoja.

Kuisoma bahari kabla ya kulowa

Ufikapo ufukweni, usiingie majini. Uweke ubao chini, keti mahali palipoinuka kidogo, na uitazame bahari kwa muda usiopungua dakika 20. Utaona kwamba mawimbi makubwa hayaji mfululizo, bali huja kwa makundi. Kundi moja huitwa seti, na mara nyingi huwa na mawimbi matatu hadi saba, kisha hufuata kipindi cha shwari ambacho huweza kumdanganya mgeni akadhani bahari imelala. Hesabu ni dakika ngapi hupita kati ya seti moja na nyingine. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia wakati wa kuingia, kwa sababu anayepiga makasia ya mikono kuelekea nje seti inapofika huchoka kabla hajateleza hata mara moja, ilhali aliyesubiri shwari hufika nje akiwa na nguvu zake zote.

Watabiri wa mawimbi hutaja vitu viwili, kimo na kipindi, na anayeanza hukitazama kimo tu. Kipindi ni sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata, nacho ndicho kinachoonyesha nguvu iliyofichika. Wimbi la sekunde 6 limezaliwa na upepo wa karibu, na katika kilindi urefu wake kutoka kilele hadi kilele ni mita 56 hivi. Wimbi la sekunde 14 limetoka kwenye dhoruba ya mbali, na urefu wake hupita mita 300. Wimbi huanza kuihisi sakafu ya bahari kina kinapokuwa nusu ya urefu huo, kwa hiyo la kwanza huigusa sakafu kwenye mita 28 na la pili huanza kuigusa kwenye mita 150 na zaidi, likapinda kufuata miamba na mafungu ya mchanga na likainuka sana linapokaribia pwani. Utabiri wa mita moja kwa sekunde 6 na ule wa mita moja kwa sekunde 14 ni siku mbili tofauti kabisa, na siku ya pili imewashangaza wageni wengi waliosoma kimo peke yake.

Wimbi hupasuka pale kina cha maji kinapopungua hadi kufikia kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita moja, kwa mfano, hupasuka penye maji ya mita 1.3 hivi. Kutokana na kanuni hiyo rahisi unaweza kuijua sakafu bila kuiona, kwani mahali mawimbi yanapopasuka mbali na nchi kavu pana fungu la mchanga au mwamba, na mahali yanapopita bila kupasuka, huku pembeni yote yakiumuka, pana maji ya kina. Mahali hapo penye kina huitwa mlango, na ndipo wanapopitia wenye uzoefu wanapoelekea nje.

Umbo la sakafu ndilo linaloamua tabia ya wimbi. Sakafu inayopanda polepole hulifanya wimbi liporomoke taratibu kutoka kileleni, nalo ndilo linalomfaa anayeanza. Sakafu inayopanda kwa ghafla hulifanya lijitupe mbele na kujikunja, likaacha pango ndani yake; pango hilo huitwa bareli, na kupita humo ukatoka salama ni heshima kubwa kuliko zote katika mchezo huu. Huko Teahupo'o, katika kisiwa cha Tahiti, palipofanyika mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2024, kilindi hugeuka ghafla kuwa mwamba uliofunikwa na maji machache, na ndiyo sababu bareli za pale ni nene na za kutisha. Kuna pia wimbi linalopasuka lote kwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha upande ambao haujapasuka wa kukimbilia, nalo huitwa klozauti. Ukiona ufukwe mzima una klozauti tupu, tafuta mahali pengine au rudi maji yakibadilika.

Maji hubadilika kwa kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huwa kubwa sana, hata mahali palipokuwa pazuri asubuhi huweza kuwa mwamba mtupu baada ya saa chache. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua na hali hudumu kwa muda mrefu zaidi. Uliza kila mahali unapofika ni maji gani yanayopafaa, kwa sababu hakuna kanuni moja kwa fukwe zote.

Upepo nao una lugha yake. Unaovuma kutoka nchi kavu huusimamisha uso wa wimbi na kuulainisha, na unaovuma kutoka baharini huuvuruga na kuliangusha wimbi kabla ya wakati wake. Kusipokuwa na upepo husemwa kwamba bahari ni kioo. Watelezaji wazoefu huusifu mno upepo wa nchi kavu, lakini anayeanza auogope unapokuwa mkali, kwa maana humsukuma nje pamoja na ubao wake, na safari ya kurudi dhidi yake huchosha mikono upesi.

Kuhusu kimo, watelezaji wengi hupima kwa mwili: wimbi la goti, la kiuno, la kifua, la kichwa. Huko Hawaii kuna desturi ya kukadiria kimo kwa kuutazama mgongo wa wimbi, na hesabu hiyo huwa kama nusu ya uso unaoonekana kutoka mbele, kwa hiyo mzoefu akikuambia kwa kipimo hicho kwamba mawimbi ni ya futi nne, tarajia ukuta unaokupita kimo. Wiki zako za kwanza ziwe za goti na kiuno.

Ubao na vifaa

Ubao una omo, yaani sehemu ya mbele, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, kama chombo chochote cha majini, una kingo mbili, na una mapezi chini ya tezi. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1912 na kuutangaza mchezo huu nje ya Hawaii, alijifunzia kwenye ubao wa mbao usio na pezi lolote. Tom Blake aliweka pezi mwaka 1935, na mtindo wa mapezi matatu unaotumika sana leo ulienea baada ya Simon Anderson wa Australia kushinda mashindano ya Bells Beach kwa ubao wa aina hiyo mwaka 1981. Pezi huushika ubao usiteleze kando, na bila kulijua hilo mtu hushangaa kwa nini ubao ulioingizwa pezi vibaya haugeuki vizuri.

Anza na ubao laini wa sponji, wa futi 8 au zaidi, mpana na mnene, ambao lita za ujazo wake hazipungui kilo za uzito wako na ikiwezekana zizidi kwa mbali. Ubao mfupi unaoonekana katika picha za mabingwa huzama kidogo mtu anapolala juu yake, hudai kasi ambayo bado huna, na umewachelewesha watu wengi kwa miaka. Kamba ya mguuni, yenye urefu unaokaribia ule wa ubao, hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Nta hupakwa juu ya ubao mgumu kwa miduara midogo ili miguu isiteleze, nayo hutengenezwa kwa kufuata joto la maji, kwa kuwa nta ya maji baridi huyeyuka kwenye maji ya joto. Usisahau fulana ya kuogelea na mafuta ya kujikinga na jua. Kifua kinachosuguliwa na ubao kwa saa mbili huchubuka vibaya.

Kupiga makasia na kusimama

Jambo ambalo picha hazionyeshi ni kwamba muda mwingi mno wa mtelezaji hupita akiwa amelala kifudifudi akipiga makasia kwa mikono, au ameketi akisubiri. Kusimama ni sekunde chache. Kwa hiyo anayetaka kuendelea haraka na aujue kwanza ulalo wake: ukilala mbele mno omo huzama, na ukilala nyuma mno ubao hukokota maji kama jahazi lililojaa tezini. Mahali sahihi ni pale omo inapokaa sentimita chache tu juu ya maji. Kifua kiinuke, macho yatazame mbele, miguu ibanwe pamoja, na kila mkono uingie maji kwa ukimya, uvute chini ya ubao hadi karibu na paja, kisha utoke.

Siku za kwanza baki kwenye povu, yaani maji meupe ya wimbi lililokwisha kupasuka, penye kina cha kiunoni. Geuza ubao uelekee pwani, lala, piga makasia povu likiwa bado mita kadhaa nyuma yako, na likikufikia usiruke kusimama mara moja; piga makasia mawili au matatu zaidi mpaka uhisi ubao umenyanyuka na kuanza kwenda wenyewe. Wengi hukosa wimbi kwa sababu huacha kupiga makasia papo hapo wanapolihisi.

Kuinuka huitwa popapu. Weka viganja juu ya ubao kando ya mbavu za chini, wala usizikamate kingo. Sukuma kifua juu, kisha kwa tendo moja leta mguu wa mbele kati ya mikono huku wa nyuma ukitua juu ya eneo la mapezi. Magoti yakunjwe, kiuno kisipinde sana, na macho yaende kule unakotaka kwenda, kwa kuwa anayetazama miguu yake huanguka miguuni pake. Fanya zoezi hili nchi kavu mara nyingi kila siku, juu ya mkeka au mchanga, hadi mwili ulifanye bila kuulizwa. Kupiga magoti kwanza ndipo usimame ni tabia ninayokushauri uiepuke tangu mwanzo, maana huwa ngumu kuiacha.

Anayesimama mguu wa kushoto ukiwa mbele huitwa regula, na anayetanguliza wa kulia huitwa gufi. Hakuna kilicho bora, na mwili wako utachagua wenyewe. Wimbi nalo huitwa la kulia au la kushoto kwa kumtazamia aliye juu yake akielekea pwani, wala halitajwi kwa upande wa anayelitazama kutoka ufukweni. Regula anayekwenda kulia hulitazama wimbi uso kwa uso, na akienda kushoto hulipa mgongo, jambo ambalo huchukua muda zaidi kulizoea.

Ukiweza kusimama kwenye povu mara nyingi kuliko unavyoanguka, nenda kwenye wimbi la kijani, yaani lile ambalo bado halijapasuka. Hapo ndipo linapoingia neno bega, lenye maana ya sehemu ya wimbi iliyo jirani na ile inayopasuka. Lengo ni kuteleza kimshazari kuelekea begani, ukikimbia mbele ya povu, badala ya kushuka moja kwa moja kuelekea mchangani. Omo ikichimba maji wakati wa kushuka, umechelewa kulianza wimbi au umelala mbele mno.

Ili kufika huko utapita chini ya mawimbi. Wenye mbao fupi huzamisha omo kwa mikono na tezi kwa goti au mguu, wakapita chini ya povu kama bata anavyozama. Mtindo huo huitwa dakidaivu. Kwa ubao wako mkubwa hauwezekani, kwa hiyo tumia ule wa kasa: shika kingo kwa nguvu, jipindue ubao uwe juu yako, uvute karibu na mwili wimbi likipita, kisha jipindue tena na uendelee bila kupumzika. Kuutupa ubao na kupiga mbizi ni kosa kubwa, kwa kuwa ubao na kamba yake hufikia umbali wa mara mbili ya urefu wa ubao, na aliye nyuma yako ndiye atakayepigwa.

Haki ya njia

Mahali wanaposubiri watelezaji huitwa lainapu, na ndipo maneno yanapokuwa sheria. Sheria ya kwanza ni kwamba wimbi moja ni la mtu mmoja, naye ni yule aliye karibu zaidi na kilele, mahali linapoanzia kupasuka. Anayeingia mbele yake amefanya dropini, kosa zito kuliko yote, maana humziba mwenzake njia na huweza kumjeruhi. Kabla ya kusimama, tazama upande wa kilele kila mara. Ukiona mtu tayari yumo, simamisha ubao na ujitoe. Pale wimbi linapofunguka pande zote mbili kutoka kileleni, watu wawili huweza kuligawana, mmoja kulia na mwingine kushoto, wakisemezana mapema.

Kuna kosa jingine ambalo wageni hulifanya bila kujua, la kumzunguka mtu aliyekuwa akisubiri ili ukae ndani zaidi kuliko yeye. Wanaliita unyoka. Kisheria unakuwa karibu na kilele, lakini umeiba zamu, na wote wameona. Unaporudi nje, zunguka kupitia mlango, na kama umenaswa katika njia ya anayekuja juu ya wimbi, elekea kwenye povu nyuma yake hata kama utapigwa na maji, umwachie bega. Hili huwa gumu kwa sababu hofu humvuta mtu upande wa bega, mahali penye utulivu, na hapo ndipo ajali zinapotokea.

Ukikosea, omba radhi kwa sauti, kisha kaa pembeni mawimbi mawili matatu. Nimeona mara nyingi neno hilo moja likiyeyusha hasira ambayo ingeharibu asubuhi ya watu kumi.

Kuanguka na mkondo

Kuanguka huitwa waipauti, na kuna namna nzuri ya kuanguka. Anguka ubapa, kwa mgongo au ubavu, mbali na ubao, wala usitangulize kichwa, kwa kuwa hujui kina. Funika kichwa kwa mikono, uache maji yakuzungushe bila kushindana nayo, na utokeze juu mkono mmoja ukiwa umetangulia kuukinga uso. Kamba huweza kuurudisha ubao kwa kasi: Jack O'Neill, aliyesifika kwa nguo za maji baridi, alipoteza jicho la kushoto kwa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati kamba zilikuwa za mpira unaonyumbuka mno. Wimbi la kiuno humshika mtu chini kwa sekunde chache tu, ingawa kwa mwenye hofu huonekana kama dakika.

Mlango niliousifu kuwa njia ya kwenda nje mara nyingi ndiyo njia ya mkondo unaorudisha maji baharini, nao huweza kwenda kwa kasi inayomshinda muogeleaji hodari. Ukikuchukua, baki juu ya ubao wako, ambao unaelea, usishindane na mkondo, piga makasia sambamba na ufukwe hadi ufike yanapopasuka mawimbi, na uyaache yakurudishe. Inua mkono kuomba msaada kama nguvu zimekwisha. Penye mchanga wa maji machache buruta nyayo badala ya kunyanyua miguu, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, akimbie kabla hujamkanyaga.

Maisha ya mtelezaji

Anayeanza huanza kuamka usingizini kwa ajili ya upepo. Kutoka kabla jua halijachomoza, ilhali bahari bado ni kioo, huitwa doria ya alfajiri, na wengi hupanga kazi na usingizi wao kwa kufuata kalenda ya maji. Mtoto au kijana mwenye hamu huitwa gromu, na huitwa hivyo kwa upendo. Raha inayobaki mwilini baada ya wimbi zuri huitwa stoki. Salamu ya kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa vimenyooshwa na vingine vimekunjwa, iliyotoka Hawaii, huitwa shaka, na haina uhusiano wowote na shaka tunayoijua sisi. Humaanisha shukrani, salamu, au kwamba mambo ni shwari, na hutumika vizuri kumjibu aliyekuachia wimbi.

Tundu au mpasuko kwenye ubao mgumu huitwa dingi. Ukiuona, toka majini siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yakiingia ndani ya povu gumu la ubao huongeza uzito na kuuozesha. Ukauke kabisa kabla ya kuzibwa, hata kama itachukua siku kadhaa. Usiuache ubao ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto huitenganisha ngozi na kiini chake. Suuza kamba kwa maji yasiyo na chumvi.

Weka pia daftari. Kila unapotoka majini andika tarehe, kimo na kipindi vilivyotabiriwa, upepo ulitoka wapi, maji yalikuwa yakipwa au yakijaa, na mawimbi yalivyokuwa kwa macho yako mwenyewe. Baada ya miezi michache utaufungua ukurasa wa siku iliyokuwa nzuri, uulinganishe na utabiri wa kesho, na utajua saa ngapi ya kufika ufukweni bila kumuuliza mtu.